Kichwa kiumacho ghafla

Mwalimu mwenzangu alikuwa akisahihisha insha za Kidato cha Tatu alipojishika kichwa kwa mikono miwili, akasema kwamba hajapata kuumwa namna ile tangu azaliwe. Katika kituo cha afya tulikomkimbiza alipewa dawa za malaria, akarudishwa nyumbani. Siku ya tatu alianguka. Picha iliyopigwa katika hospitali ya rufaa ilionyesha kwamba mshipa wa damu ubongoni, uliokuwa umefura mfano wa puto, ulikuwa umepasuka. Tulimzika kabla ya muhula kwisha.

Linalonikereketa ni kwamba maradhi hayo yana tiba isiyohitaji hata kufungua fuvu. Tangu mwaka 1990, Guido Guglielmi, tabibu Mwitaliano, na wenzake walipoanza kuitumia Los Angeles, daktari hupenyeza mrija mwembamba katika mshipa wa kinena, akauongoza kwa eksirei hadi ubongoni, kisha akaujaza ule uvimbe nyuzi laini za platinamu. Damu huganda humo, na hatari ya kupasuka tena hupungua mno. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2002 ulilinganisha wagonjwa 2,143 ambao wangefaa kwa njia zote mbili. Baada ya mwaka mmoja, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa takribani asilimia 24 kati ya waliotibiwa kwa nyuzi, na 31 kati ya waliopasuliwa.

Hata uvimbe mkaidi wenye mdomo mpana, ambao nyuzi zingeuponyoka, umepatiwa kimia cha madini kinachotandazwa ndani ya mshipa wenyewe ili damu iupite. Marekani ilikiidhinisha mwaka 2011. Lakini mgonjwa hulazimika kumeza dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi kadhaa, na kwa hiyo madaktari husita kukitumia pale uvimbe umekwisha kupasuka.

Wapo watakaodai kwamba tununue mitambo zaidi. Sipingi, ingawa gharama yake si ya mchezo. Hata hivyo, mwenzangu hakuufikia mtambo wowote kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumuuliza swali moja tu: je, maumivu yalianza ghafla? Mshipa uliopasuka huweza kupasuka tena, hasa katika saa 24 za kwanza.

Basi Wizara ya Afya na ibandike swali hilo katika kila zahanati, nasi walimu tulibandike katika vyumba vyetu, pamoja na dalili zinazoandamana nalo: kutapika, shingo kukakamaa na kuzimia.