Bahari Ikipanda, Chai Yetu Itauzwa Wapi?

Wasee, kuna hii fikra huku kwetu kwenye chai: mambo ya bahari ni ya watu wa Pwani. Sisi wa Kaplong tuko juu, maji ya chumvi hayatatufikia hata iweje. Basi tulale.

Zii. Hiyo ni hesabu mbovu.

Yale malori ya chai yanayopita hapa kwenye makutano yanaenda wapi? Safari yao inaishia Mombasa. Mnada wa chai uko huko tangu 1969, ulipohamishwa kutoka Nairobi, na hata chai ya Uganda na Rwanda inauzwa hapo. Mnada, maghala, bandari, vyote viko kando ya maji. Bonasi ya mzazi ndiyo karo yako, na bonasi inafuata bei ya mnada. Sasa niambie tena bahari haikuhusu.

Lakini tusiishie kwa pesa, maana hapo ndipo tunapokosea mara ya pili: tunaiona Pwani kama geti la biashara, watu hatuwaoni. Chini ya Fort Jesus kulijengwa ukuta ili mawimbi yasile msingi wa ngome. Sawa, ni turathi ya dunia. Ila nenda Kipini, pale mto Tana unapoingia baharini. Huko bahari imekula nyumba za watu, na wenyeji wanazidi kurudi nyuma. Kama tunaweza kuyalinda mawe ya Wareno, mbona mvuvi aliye hai asubiri?

Na usidhani Kipini iko mbali na soketi yako. Mabwawa ya Tana, kama Masinga, yanatupa umeme. Lakini yananasa pia tope na mchanga ambao zamani ungeshuka hadi ufuoni kurudisha kile mawimbi yanachochukua. Simu yako inajaa chaji, ufuo wao unapungua. Hilo ni deni.

Najua jibu: "Tupande tu mikoko." Poa, lakini mikoko si maua ya kupigia picha. Mlilana hukaa mbele kabisa kwenye maji, mkoko unafuata nyuma yake, na mchu unavumilia hata kule ndani kwenye chumvi kali. Ukipanda mti usiofaa mahali pasipofaa, utakufa hata kabla picha yako haijasahaulika. Anayeyajua haya ni mwenyeji, si mgeni mwenye fulana mpya.

Gazi, kule Kwale, wamethibitisha. Tangu 2013, mradi wa Mikoko Pamoja unalinda mikoko yao na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa humo. Pesa zinaleta maji ya kunywa na vitabu vya shule. Mikoko yenyewe inavunja nguvu ya mawimbi na kulea samaki wadogo.

Na pale wenyeji wanapopuuzwa? Lamu ilijengwa bandari mpya, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikasema haki za wavuvi zilikiukwa na kuamuru wafidiwe shilingi bilioni 1.76. Kuwasikiliza mapema kungekuwa rahisi zaidi.

Kwa hivyo tudai mambo matatu. Moja, pesa za tabianchi zifike vijijini, zisiishie kwenye semina za hotelini. Mbili, mradi wowote wa ufuoni uanze na wavuvi mezani. Tatu, faida ya umeme wa Tana irudi pia kwa wale walio mwisho wa mto.

Sisi tunajua mvua ya mawe ikipiga chai huwa tunataka nchi nzima itusikie. Kipini nao wanataka hivyo hivyo. Mbunge wako akija tena kuomba kura Kaplong, muulize alipigaje kura bajeti ya Pwani ilipofika bungeni. Akishangaa, mweleze chai yake inapitia wapi.