Tangaza Fanksheni Yako, Acha Kulaumu Kompaila

Wasee, hii maneno ya "GCC mpya imeharibika" iishe leo. Haijaharibika. Ni sisi tumezoea vibaya.

Kuna ushauri unazunguka kwa magrupu ya wanaosoma C: programu ikikataa kwa sababu umeita fanksheni ambayo hujatangaza, weka tu -fpermissive, itanyamaza. Kweli itakubali, ikitoa onyo tu. Lakini kosa liko palepale.

Mimi niko Malakisi. Nenda hapo Lwakhakha mpakani, uulize bei ya viatu, uambiwe "elfu mbili". Elfu mbili za wapi? Shilingi moja ya Kenya ni zaidi ya 20 za Uganda. Msipoelewana mapema, mmoja wenu atalia.

C ya zamani ilikuwa haiulizi. Ikikutana na jina isilolijua, inadhani tu litarudisha int, inasonga. Sasa tuseme uko na fanksheni ya bei ya mahindi kwa faili nyingine. Inapokea kilo kama double, inarudisha double. Kwa main unaandika bei(90), gunia moja. Bila tangazo, 90 inatumwa kama int. Kwa kompyuta nyingi za leo, int na double hupitia rejista tofauti, kwa hivyo fanksheni inasoma takataka, na wewe unapokea takataka. Programu inaran vizuri kabisa, na mkulima anahesabiwa pesa za uongo.

Dawa ni mstari mmoja juu ya main:

double bei(double kilo);

Basi. Kompaila itageuza 90 kuwa 90.0 yenyewe, na ukituma vitu viwili badala ya kimoja, itakukatalia mapema.

"Lakini tulifundishwa hivyo." Sawa, ila ruhusa hiyo iliondolewa na C99, mwaka wa 1999. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa! GCC iliendelea kutuvumilia mpaka GCC 14, mwaka wa 2024, ndipo ikasema imetosha.

Ukijenga programu ya kitambo ya mtu mwingine, tumia -fpermissive, sina neno. Lakini kwa kazi yako mwenyewe? Hapana bana. Na nyinyi mnaofundisha, mwanafunzi akiwaonyesha onyo, msimwambie "hiyo wachana nayo". Msomeeni.

Haya, mnaopinga, njooni. Lakini mje na programu yenu, tuione.