Historia ya Waingereza Nayo ni Yetu: Tuisome Hadi Uzamifu

Nimeomba nafasi hii nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo limenikera tangu tulipochagua masomo mwishoni mwa kidato cha pili. Somo la Historia na Serikali limekuwa kama mtoto yatima. Ukilichagua unaulizwa, "Kwani wewe unataka kuwa nani?" Na yule anayethubutu kusema kwamba angependa kwenda chuo kikuu kusomea historia ya kisasa ya Uingereza na Ulaya, tena asome hadi digrii ya pili na ya tatu, huyo huchekwa mpaka kengele ilie. Eti historia ya Wazungu waachiwe Wazungu!

Mimi ni mmoja wa hao wanaochekwa, na leo nataka kujitetea. Maoni yangu ni haya: historia ya Uingereza ya tangu karne ya kumi na tisa ni sehemu ya historia yetu. Tusipopata Wakenya wa kutosha wanaoisoma hadi uzamili na uzamifu, tutaendelea kusimuliwa habari zetu wenyewe na watu wengine.

Tuanzie hapa hapa nyumbani. Nani asiyejua kwamba mji wetu ulipata jina lake kutokana na Masaku, kiongozi wa Wakamba wa zamani? Tumefundishwa pia kwamba Waingereza walikuwa na makao yao ya utawala hapa kabla ya kwenda Nairobi. Bwana John Ainsworth alikuwa hapa Machakos tangu mwaka 1892 hadi 1899, ndipo akahamia Nairobi. Ukiuliza kwa nini Nairobi ikawa jiji kuu nasi tukaachwa nyuma, utajibiwa, "Ni kwa sababu ya reli." Jibu hilo ni sahihi, lakini ni nusu. Reli yenyewe ilijengwa kwa nini?

Ili ujue, sharti uende London. Mwaka 1882 Waingereza waliikalia Misri, kwa sababu Mfereji wa Suez ulikuwa njia yao ya kwenda India. Misri huishi kwa maji ya mto Nile, na Nile Nyeupe inatoka katika ziwa lililoko Uganda. Basi wakubwa wa London wakaingiwa na hofu kwamba taifa lingine la Ulaya lingeitwaa Uganda. Mwaka 1896 Bunge lao likaidhinisha pauni milioni 3 za kujenga reli kutoka Mombasa, na hadi kazi inakwisha gharama ilikuwa imepita pauni milioni 5. Reli hiyo ikapita katika mbuga za Athi, mbali na milima yetu, ikafika Nairobi mwaka 1899. Kwa hivyo, bahati ya mji wetu iliamuliwa na watu waliokuwa wakiwaza habari za Misri na India. Hebu niambie, hiyo ni historia yao au ni yetu?

Mfano wa pili ni shujaa wetu Muindi Mbingu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilianza kuwapunguza ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu, ikidai kwamba mifugo ilikuwa mingi mno na udongo unakwisha. Maelfu ya watu walifunga safari kwa miguu hadi Nairobi kumwona Gavana, wakakaa huko majuma kadhaa. Muindi alikamatwa akapelekwa Lamu, lakini serikali nayo ikalazimika kurudi nyuma. Tunamsifu Muindi, na anastahili sifa. Lakini mbona serikali ililegea? Ushujaa wa watu wetu ndio sababu ya kwanza. Sababu nyingine zilikuwa mbali. Maswali yaliulizwa katika Bunge la Uingereza. Isitoshe, Wakamba walikuwa wengi katika jeshi na polisi, na mwaka huo huo Hitler alikuwa anadai ardhi ya Czechoslovakia, vita vikinukia Ulaya nzima. Hata ile hofu ya udongo kwisha ilichochewa na dhoruba za vumbi zilizoharibu mashamba ya Marekani katika miaka ya 1930. Anayesoma habari za Ukambani peke yake hawezi kuyaona hayo yote.

Huenda mwenzangu akasema, "Sawa, lakini hayo si mwalimu anaweza kutufundisha darasani tu? Digrii tatu za nini?" Swali zuri. Sisi katika sekondari tunapewa majibu, tunayakariri, tunayaandika katika mtihani. Katika shahada ya kwanza mwanafunzi anaanza kuona kwamba wataalamu hawakubaliani. Lakini katika uzamili, na hasa uzamifu, mwanafunzi anakaa mbele ya mafaili yenyewe: barua za magavana, taarifa za siri, hesabu za fedha. Anatafuta jibu la swali ambalo hakuna aliyelijibu, anaandika tasnifu, halafu anaitetea mbele ya maprofesa wanaomhoji bila huruma. Vitabu tunavyobeba kwenye mikoba yetu vinatokana na kazi ya watu wa namna hiyo. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname.

Tazameni Eric Williams. Alikuwa kijana wa kisiwa cha Trinidad, koloni la Waingereza. Alikwenda Chuo Kikuu cha Oxford na mwaka 1938 akapata uzamifu katika historia. Waingereza walizoea kujisifu kwamba walikomesha biashara ya watumwa kwa huruma tu. Williams alichunguza hesabu za biashara za Waingereza wenyewe, na mwaka 1944 akatoa kitabu kilichosema kwamba faida ya utumwa ilisaidia kukuza viwanda vya Uingereza, na kwamba utumwa ulikomeshwa wakati faida hiyo ilipokuwa inapungua. Wasomi wanabishana juu ya kitabu hicho mpaka leo, lakini hakuna awezaye kujifanya hakukisikia. Trinidad ilipopata uhuru mwaka 1962, Williams ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu.

Hapa kwetu tulikuwa na Profesa Bethwell Ogot, aliyefariki Januari 2025 akiwa na umri wa miaka 95. Yeye aliandika habari za Waluo, si za Waingereza, lakini uzamifu wake aliupata Chuo Kikuu cha London. Siku hizo wasomi wengi wa huko waliamini kwamba pasipo maandishi hapana historia. Mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper, profesa wa historia ya kisasa kule Oxford, alitamka kwamba Afrika haina historia ila ile ya Wazungu waliokuja Afrika, na kwamba mengine yote ni giza. Ogot hakumtukana mtu. Aliyakusanya masimulizi ya wazee, akayapima kwa makini kama wao wanavyozipima karatasi zao, na mwaka 1967 kitabu chake juu ya Waluo wa kusini kikachapishwa. Alizijua sheria za mchezo wao, ndiyo sababu hawakuweza kumfukuza uwanjani.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeficha mafaili ya makoloni yake ya zamani katika jumba moja liitwalo Hanslope Park. Ya Kenya peke yake yalikuwa karibu 1,500, yaliyosafirishwa kutoka hapa wakati wa uhuru. Yalijulikana kwa sababu wazee wetu waliopigwa na kuteswa katika kambi za wakati wa Mau Mau walikuwa wamekwenda mahakamani London. Mmoja wao alikuwa Paulo Muoka Nzili. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliruhusu kesi yao iendelee, na Juni 2013 serikali hiyo ilisema inasikitika, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya watu 5,228.

Wataalamu wa historia waliowasaidia wazee hao mahakamani walikuwa David Anderson, Huw Bennett na Caroline Elkins. Mimi nawashukuru kwa dhati, maana bila kazi yao huenda wazee wetu wangerudi mikono mitupu. Tume ya Haki za Binadamu ya hapa Kenya nayo ilifanya kazi kubwa. Lakini jama, katika wataalamu hao watatu hapana Mkenya hata mmoja! Majeraha ni yetu, mashahidi ni wetu, lakini wa kusimama na kusema faili fulani lina maana gani wakawa wageni. Na muda hautusubiri. Mwaka 2018 mahakama hiyo iliitupa kesi nyingine ya Wakenya zaidi ya 40,000, sababu kubwa ikiwa ni kwamba miaka mingi mno ilikuwa imepita.

Katika ukoo wetu pia kuna pengo. Babu ya babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi katika Vita Vikuu vya Kwanza, akaelekea upande wa Tanganyika na hakurudi. Kikosi hicho cha wapagazi ndicho kilichozaa majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Na aliyepewa kazi ya kusimamia uandikishaji wa wapagazi mwaka 1917 alikuwa nani? Yule yule Bwana Ainsworth aliyekuwa hapa Machakos. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao katika kumbukumbu za vita hivyo, au hawakukumbukwa kabisa. Babu yetu yumo katika hesabu hiyo. Nani atamtafuta? Mtafiti wa kigeni hana sababu ya kumtafuta huyo mmoja. Mimi ninayo.

Najua pingamizi zitakazoletwa. La kwanza ni kazi. "Utakula historia?" Mzazi anayelipa karo kwa shida ana haki ya kuuliza hivyo, na siwezi kudanganya kwamba kazi za historia zimejaa kila kona. Lakini siku hizi hata aliyesomea sayansi anatembea na vyeti kwenye bahasha. Aliyefundishwa kupima ushahidi na kuandika kwa ufasaha anaweza kuwa mwalimu, wakili akiongeza sheria, mwandishi wa habari, balozi au mtunza nyaraka. Taifa haliendeshwi na madaktari na mainjinia pekee.

Pingamizi la pili ni pesa. Ni kweli, karo ya Uingereza ni mamilioni ya shilingi, na hakuna mtu katika darasa letu awezaye kuitoa mfukoni. Hata hivyo kuna misaada ya masomo. Ule wa Jumuiya ya Madola umekuwapo tangu mwaka 1959. Ule wa Chevening hulipia mwaka mmoja wa uzamili kwa mtu aliyekwisha kufanya kazi kwa miaka miwili, na humtaka arudi nyumbani. Tena si lazima mtu aanzie ng'ambo. Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Kenyatta vinafundisha historia.

La tatu ni lile la kwamba tutatekwa akili. Wanasema Mwafrika anayesoma historia ya Uingereza hurudi akiwa Mwingereza mweusi. La hasha! Williams hakurudi hivyo wala Ogot. Anayetekwa akili ni yule anayesoma kitabu kimoja cha mtihani na kukiamini chote, kwa kuwa hajui nani aliyekiandika na kwa nini. Kikulacho ki nguoni mwako. Afadhali basi uijue nguo yenyewe na fundi aliyeishona.

Kwa hivyo nina maombi matatu. Kwanza, darasa la Historia lisifungwe katika shule yetu hata likibaki na wanafunzi wachache. Pili, badala ya kila safari ya shule kwenda mbuga za wanyama, mwaka mmoja twende Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi. Ni mwendo mfupi tu kwa basi, na humo zimo barua za maofisa waliotawala hapa Machakos. Mwanafunzi akiona barua ya aina hiyo kwa macho yake ataelewa uzamifu ni kitu gani. Tatu, Chama chetu cha Kiswahili kianze kuandika masimulizi ya wazee wa hapa, jina kwa jina na mwaka kwa mwaka, kabla hawajatutoka.

Wenzangu mliochagua Biashara na Kompyuta, sina ugomvi nanyi. Nawaomba tu mkinikuta maktaba na kitabu cha Bunge la Uingereza la mwaka 1938 msinicheke, maana namtafuta Muindi Mbingu humo. Nafasi niliyopewa imekwisha. Aliye na maoni tofauti na alete hoja zake katika toleo lijalo, nami nitamjibu.