Mchungaji Hatetei Pande Mbili



Katika kazi ya uwakili ipo kanuni isiyobishaniwa: wakili hawezi kumtetea mdai na mdaiwa katika kesi moja. Akithubutu kufanya hivyo, hata awe na ufasaha wa namna gani, ameisaliti haki. Kanuni hii inatufaa pia tunapouliza ni nani hasa mchungaji mwema. Aghalabu huwapima wachungaji wetu kwa utamu wa mahubiri, wingi wa waumini na ukubwa wa majengo. Swali linalopaswa kutangulia ni hili: mtu huyu anamtetea nani?

Katika Injili ya Yohana, sura ya 10, Bwana Yesu anamtofautisha mchungaji na mtu wa mshahara. Malisho yakiwa mazuri, huwezi kuwatambua wawili hao. Mbwa mwitu anapotokea ndipo hujulikana nani anakimbia na nani anabaki. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Historia yetu inao ushahidi. Aprili 1989, Askofu David Gitari, aliyekuwa ameikemea serikali mara nyingi, alivamiwa nyumbani kwake Kirinyaga usiku wa manane. Alipanda juu ya paa, akapiga ukemi, na majirani wakaja kumwokoa. Kundi halimfii mchungaji lisiyemjua. Mwaka 1990, Waziri wa Leba, Peter Okondo, alitangaza kwamba Askofu Alexander Muge wa Eldoret na Askofu Henry Okullu wakikanyaga Busia huenda wasitoke hai. Muge alikwenda. Tarehe 14 Agosti 1990, akiwa njiani kurejea, aliuawa katika ajali ya barabara. Waziri alijiuzulu. Mengi yamesemwa kuhusu ajali hiyo, nami sitoi hukumu hapa. Lililo wazi ni kwamba Muge alionywa, na hakuliacha kundi lake kwa sababu ya onyo.

Wapo watakaotukumbusha Waraka kwa Warumi, sura ya 13, kwamba mamlaka hutoka kwa Mungu. Ni kweli, lakini wasome sura yote. Mtawala anaelezwa humo kuwa mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema ya watu, na mtumishi huulizwa juu ya utumishi wake. Mfalme Ahabu alikuwa na mamlaka halali. Hata hivyo, shamba la Nabothi liliponyakuliwa kwa barua zenye muhuri wa mfalme na mashahidi wa uongo, Nabii Eliya hakunyamaza. Wala hakutaka kiti cha enzi. Alidai haki ya mwenye shamba.

Hapo pana mpaka ambao mchungaji hana budi kuulinda. Kukemea dhuluma ni kazi yake. Kumpigia debe mgombea si kazi yake. Viongozi wa makanisa walipopinga upigaji kura wa mlolongo mwaka 1986, walikuwa na hoja nzito: mchungaji angesimamaje hadharani nyuma ya mgombea mmoja, kisha Jumapili awape ushirika waliosimama nyuma ya mwingine? Hata hivyo, mlolongo ulitumika, na uchaguzi wa 1988 ukawa fedheha ya taifa. Mchungaji aliyejifunga kwa chama, kiwe kinatawala au cha upinzani, atakosa sauti chama hicho kitakapokosea.

Hata hivyo, si rungu lililowanyamazisha wachungaji wengi. Ni bahasha. Wanasiasa wetu wanaujua msemo kwamba mkono mtupu haulambwi, nao hawaji kanisani mikono mitupu. Huchangia paa, basi la kwaya na nyumba ya kasisi, kisha hukabidhiwa kipaza sauti mbele ya watu walewale waliopokonywa ardhi au dawa za zahanati. Vijana walioandamana mwaka 2024 waliliona jambo hili wazi kuliko wazee wengi wa kanisa, wakadai madhabahu yaachane na fedha za wanasiasa. Novemba mwaka huohuo, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza mchango ambao Rais alikuwa ametoa katika parokia ya Soweto urudishwe. Paa la kanisa linaweza kungoja mwaka mmoja zaidi. Aliyekwisha kupokea fedha za mdaiwa atamwakilisha mdai kwa uso gani?

Sifa ya mwisho inatugusa sisi waumini. Mchungaji mwema hukubali kuulizwa. Tulipambana na utawala wa chama kimoja kwa sababu mtawala hakuulizwa chochote. Haifai leo tuwe na madhehebu ambamo mtu mmoja ni mwanzilishi, mweka hazina na hakimu, na anayehoji huitwa mwasi wa Mungu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofuata mafundisho ya kufunga hadi kufa, wakiwamo watoto. Huo ndio mwisho wa utii usio na swali. Hatuwezi kuidai Hazina ya Serikali uwazi ilhali daftari la sadaka limefungiwa kabatini.

Basi katika mkutano mkuu ujao wa kanisa lako, simama kwa adabu uulize: Hesabu za mwaka ziko wapi, na nani amezikagua? Ni mwanasiasa gani ametuchangia, na alipewa nini? Familia za hapa zilipofukuzwa mashambani, mchungaji wetu alikuwa wapi? Mchungaji mwema atakushukuru kwa maswali hayo. Akikasirika, utakuwa umekwisha kujua anamtetea nani.