Nyumba Yenye Magurudumu

Wewe unalalamikia baridi ya mwezi wa sita? Huko Québec, Kanada, maji yanakuwa jiwe ndani ya bomba. Ndiyo maana wazee wengine wa pensheni, bwana na bibi, wanaingia katika motokari yenye kitanda, jiko na choo, wanashuka mpaka Florida, kilomita zaidi ya 2000. Bomba za motokari hawazijazi maji mpaka wavuke baridi, zisipasuke. Na siku wanazihesabu: wakifikisha 183 inje ya Québec katika mwaka mumoja, wanaweza kupoteza bima ya matunzo.

Lakini miezi mitano ndani ya chumba kimoja! Wewe ukikosana na bibi, unatoka barazani. Wao, mumoja anaongoza, mwingine anasoma karata ya njia. Wakinyamaziana, wanapotea.