Kiboko kiliondoka, lakini mwanafunzi hana pa kusemea

SERIKALI ilipiga marufuku kiboko shuleni mwaka wa 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikwenda mbali zaidi kwa kukataza pia kumtesa mwanafunzi kiakili. Hata hivyo, katika shule za Likoni, Kisauni na Changamwe, swali moja lingali palepale: kijana aliyelemewa na mawazo amwendee nani?

Kwenye karatasi jibu lipo, nalo ni mwalimu wa ushauri nasaha. Lakini mwalimu huyo ana vipindi vyake kama wenzake, na pengine huketi katika kamati ile ile inayotoa adhabu. Ni vigumu mwanafunzi kumfungulia moyo Jumatatu mtu ambaye Ijumaa huenda akamwandikia barua ya kumrejesha nyumbani.

Barua hiyo ndiyo kiini cha tatizo. Kijana mwenye majonzi halii kila mara. Huchelewa, husinzia darasani, au humjibu mwalimu kwa ukali. Shule huuona utovu wa nidhamu, ikamwamuru arudi na mzazi. Mzazi naye ni kibarua bandarini au katika viwanda vya Changamwe, na akikosa kazi siku moja amekosa ujira. Mwingine huvuka feri ya Likoni alfajiri na kurejea usiku. Siku moja hugeuka wiki. Huko Kisauni, ambako magenge ya vijana yamewahangaisha wakazi kwa miaka, vijiweni hakuna anayeulizwa barua.

Wapo wanaohofia kwamba kulegeza kamba kutazua fujo. Wakumbuke kuwa moto uliowaua wavulana 67 katika shule ya Kyanguli, Machakos, mnamo Machi 2001, ulitiwa baada ya miaka mingi ya kiboko shuleni.

Jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Kwa wakazi wa eneo hili msaada hauko mbali, kwani Hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha magonjwa ya akili. Kinachokosekana ni njia ya kumfikisha kijana huko bila kwanza kumfanya mkosaji.

Njia hiyo haihitaji mamilioni. Mshauri aondolewe katika kamati ya nidhamu, apunguziwe vipindi, na asikizwe kabla ya mwanafunzi yeyote kufukuzwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini shule isiyouliza ndiyo inayomfunza kijana kuficha.