Mkwaju Kati ya Maneno Mawili

Mwizi wa simu pale Muthurwa ni "thief". Hatafutiwi kisawe. Lakini wizi ukipanda lifti hadi ofisi za juu, Kiingereza kinapata adabu ghafla: "misappropriation", "irregular procurement", "unsupported expenditure". Ati matumizi hayana stakabadhi. Pesa ziko wapi? Hilo halimo kwenye sentensi.

Chukua Ripoti ya Ndung'u ya 2004 kuhusu ardhi ya umma. Jina lake rasmi lina maneno "Illegal/Irregular Allocation". Hapo katikati kuna mkwaju. Upande huu uhalifu, upande ule kasoro ya makaratasi, na mnyakuzi anachagua pa kusimama. Tume ilikadiria hati 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002. Na hiyo "allocation" nayo? Mtu akimeza uwanja wa shule, nani alimgawia? Sisi mtaani tunasema amegrab. Hilo nalo ni la Kiingereza, lakini angalau halina haya.

Usidhani ni maneno tu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 278: ukiiba mbuzi, unaweza kufungwa hadi miaka 14. Sheria ya ufisadi ya 2003: hadi miaka 10, au ulipe faini uende zako nyumbani. (Sawa, kuna faini ya ziada, mara mbili ya ulichopata. Mwenye mbuzi hapewi hata hiyo bei.)

Mhariri mmoja ninayemwandikia kwa malipo ya kila makala alifuta neno langu "waliiba" akaweka "wanadaiwa kuhusika na ubadhirifu". Najua, kesi ya kuchafua jina ni ghali, na mshukiwa ni mshukiwa. Lakini yule wa Muthurwa alihukumiwa lini? Na hata korti ikishaamuru mali irudi kwa serikali, bado tunaandika "unexplained assets". Mali isiyoelezeka! Manze, uliza makanga yeyote akuelezee.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Barua niliyopewa haikuwa na "irregular" popote. Iliandika DEFAULTER, kwa herufi kubwa. Kumbe Kiingereza kinaweza kusema mambo waziwazi kikitaka.

Waingereza wenyewe walituonyesha. Mwaka wa 2014 mahakama ya London iliwapata na hatia wakubwa wa kampuni ya uchapishaji ya Smith & Ouzman kwa kuhonga maafisa wa uchaguzi na mitihani wa Kenya. Kwenye barua pepe zao, hongo iliitwa "chicken". Kuku! Sisi tukaja na "chai", tukacheka, tukatengeneza memes.

Hii makala ina neno "wizi" mara mbili. Mhariri, tafadhali, yaache yote mawili.